Trekta Dogo na Kamba ya Urithi

Watu hawamwiti mume wangu kwa jina lake. Wanamwita Fundo. Jina hilo alilipata kwa haki. Mlango wa banda letu umefungwa kwa fundo. Mguu wa meza umefungwa kwa fundo. Siku moja miwani yake ilivunjika katikati, akaifunga kwa uzi. Alitembea wiki nzima na fundo juu ya pua.

Kazi yetu ni miti. Mti ukianguka njiani, tunaitwa. Tawi likitishia paa la mtu, tunaitwa. Fundo anakata. Mimi navuta matawi, napanga kuni, na kujibu maswali ya wenye mti. Kujibu maswali ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Tuna trekta dogo. Nasema dogo, lakini msimwambie Fundo. Boneti yake inanifika kifuani. Lina kiti kimoja tu. Nyuma ya kiti kumesimama chuma kinene, kama fremu ya mlango usio na ukuta. Trekta hilo lilikuwa la mtu mwingine kabla ya kuwa letu. Hata hivyo, Fundo hulifuta vumbi kila asubuhi kabla hajanawa uso wake mwenyewe.

Vifaa vyetu si vingi, lakini kila kimoja kina ubishi wake. Kwanza kuna chenso, yaani msumeno wa injini wenye mnyororo wa meno. Kuna mashoka mawili, panga, ngazi, na kabari tatu za chuma za kupasulia magogo. Kuna tupa ya kunolea. Kuna dumu la petroli na dumu la oili. Kuna sanduku la huduma ya kwanza. Na kuna mfuko wa chakula, kwa sababu Fundo akiwa na njaa hata mti humwogopa.

Vitu hivyo vyote alivifunga kwenye trekta kwa kamba moja. Sisemi kamba za aina moja. Nasema kamba moja. Ilikuwa kamba ya marehemu baba yake, yenye urefu wa hatua hamsini na unene wa kidole gumba. Marehemu aliiacha na neno moja tu: isikatwe. Basi haikukatwa. Ilianzia kwenye chuma cha nyuma, ikapita kwenye mashoka, ikazunguka ngazi, ikakumbatia chenso, ikashuka kwenye madumu, ikapanda tena kwenye kabari. Mwisho wake niliushika mimi. Nilikaa juu ya madigadi, lile bati linalofunika gurudumu la nyuma. Niliizungusha kamba mkononi mara mbili, kama mtu anayepeleka mbuzi mkaidi sokoni.

Kufunga kulichukua saa nzima. Kufungua kulichukua saa nyingine. Ukitaka panga, lazima kwanza ufungue ngazi. Ukitaka ngazi, lazima kwanza ufungue chenso. Ukijikata kidole, sanduku la huduma ya kwanza liko chini ya vyote, na kidole kinasubiri.

"Kwa nini usiikate vipande vitano?" nilimwuliza siku moja.

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa auze mtoto.

"Kamba ya marehemu haikatwi, mama watoto. Halafu kamba moja ina faida yake. Ukiona mwisho wake, unajua vyote vipo."

"Na vyote vikianguka?"

"Vitaangukaje vyote? Si vimeshikana?"

Vilianguka. Havikuanguka vyote kwa pamoja, lakini vilianguka. Mwenye duka wa pale kona alikuwa ametutengea rafu. Kila tulichoangusha, wapita njia walikipeleka kwake. Kabari yetu moja ilikaa kwake miezi miwili ikizuia mlango wa duka usifungwe na upepo. Tulipoenda kuichukua alisikitika kidogo. Mlango wake ulikuwa umeizoea.

Tungeendelea hivyo mpaka leo. Lakini mti wa mama yangu ukapasuka.

*

Mama yangu anaishi peke yake, upande wa pili wa mji. Hana maneno mengi, ila hayo machache yana ncha. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mti mkubwa. Shina la mti huo lilipata ufa. Nilipoenda kumsalimia niliingiza kiganja changu ndani ya ufa, kikaingia chote. Mti wote ulikuwa umeinamia paa, tena juu ya chumba anacholala.

"Mama, njoo ukae kwetu mpaka mti ukatwe," nilimwambia.

"Na kuku wangu?"

"Waje nao."

"Na nyumba nimwachie nani? Mimi sihami. Huu mti tumezeeka pamoja."

"Basi tumwite mkata miti wa hapa jirani, aukate leo."

Mama alikunja mikono. "Nina mkwe mwenye trekta. Nikimwita mgeni, majirani watasema mkwe wangu ni wa picha. Aje mwenyewe. Mimi siogopi."

Niliogopa mimi. Mvua zilikuwa karibu. Wingu likipita, moyo wangu ulikuwa chini ya mti ule. Jioni hiyo nilimwambia Fundo kila kitu. Alinyoosha mgongo.

"Mama mkwe kasema aje nani?"

"Aje mkwe."

"Basi kesho mkwe yupo," alisema, akaenda kuifuta boneti.

Kesho yake tulifunga vifaa tangu alfajiri. Njia ya kwa mama ina mashimo. Tulirushwa, tulitikiswa, nikauma ulimi mara mbili. Nyuma yangu vifaa vilikuwa vinapiga ngoma. Chenso haikuwa na kifuniko kwenye ule ulimi wake mrefu wa meno. Njia nzima meno yake yaligongana na shoka. Fundo alisema vifaa vinasalimiana.

Tulipofika tulifungua kwa saa nzima. Mama alileta kigoda, akakaa kutazama. Majirani nao wakaja. Mwishowe Fundo akawasha chenso. Ililia vizuri. Akaigusisha kwenye tawi dogo la chini. Msumeno mkali hutoa vipande vya mbao. Huu ulitoa unga na moshi.

"Unapiga kelele tu," Mama alisema. "Kelele hata mimi naweza."

"Meno yamekufa kidogo, mama. Nayanoa sasa hivi."

Alitafuta tupa. Tupa haikuwepo. Alitafuta chini ya trekta, akatafuta mifukoni, akanitafuta mimi kwa macho. Tupa ilikuwa imebaki mahali fulani njiani. Tukaamua kula kwanza ili tufikiri vizuri. Nikafungua mfuko wa chakula. Dumu la petroli lilikuwa limelala ubavu njia nzima, na kifuniko chake kilivuja. Mkate ulinuka petroli, hata ndizi zilinuka petroli.

Mama aliuchukua mkate, akaunusa, akaurudisha.

"Huo mpeni trekta," alisema. "Nyie njooni mle ndani."

Tulirudi nyumbani mikono mitupu. Fundo hakusema neno njia nzima. Mimi nilikuwa nayo mengi, lakini nilikuwa nimeushika ulimi kwa sababu ulikuwa bado unauma.

*

Siku mbili baadaye jirani wa Mama alileta habari. Upepo wa usiku ulikuwa umevunja tawi. Tawi lilianguka juu ya paa na kukunja bati moja. Bati lilikuwa la chumba cha Mama.

"Yeye mwenyewe anasemaje?" niliuliza.

"Anasema bati lilikuwa bovu tangu zamani."

Fundo alisimama bila kumaliza chai. Alikuwa amenunua tupa mpya na kuinoa chenso vizuri. Safari hii, alisema, hakuna kitakachoanguka. Aliongeza mafundo. Palipokuwa na moja aliweka matatu. Alipomaliza, trekta lilionekana kama mtu aliyefungwa bendeji mwili mzima.

"Sasa hata mimi siwezi kuyafungua," alisema kwa fahari.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tena hapa mkuu alikuwa mimi, na guu nalo lilikuwa langu.

Karibu na mashine ya kusaga kuna mteremko, na katikati ya mteremko kuna shimo. Gurudumu likaingia shimoni, likatoka kwa kishindo. Kabari zikachomoka na kuanguka. Zilipotoka, kamba ikalegea kwenye ngazi. Ngazi ikateleza, kamba ikalegea kwenye madumu. Fundo alikuwa amesema kweli, vilikuwa vimeshikana. Kwa hiyo kila kilichoanguka kilimwita mwenzake.

Chenso haikuanguka. Iliteleza ikaning'inia nyuma ya kiti, na meno yake yakampitia Fundo kiunoni. Injini ilikuwa imezimwa, na hiyo ndiyo bahati yake. Ngozi ilichubuka kidogo tu. Suruali haikupona.

Mimi sikuwa na nafasi ya kucheka. Kamba iliyolegea iliburuta chini, na gurudumu la nyuma likaidaka. Likaanza kuisokota. Na upande wa pili wa kamba hiyo ulikuwa umezungushwa mkononi mwangu mara mbili.

"Simamisha, simamisha," nilipiga kelele.

Nilivutwa kifudifudi juu ya madigadi. Trekta liliposimama, pua yangu ilikuwa kiganja kimoja tu kutoka kwenye tairi. Fundo akazima injini, akavuta breki ya mkono, akaruka chini. Kamba ilikuwa imekaza kiwiko hadi vidole. Alijaribu kufungua fundo la kwanza. Likakataa. Alijaribu la pili, kwa kucha, kisha kwa meno. Yote yalikuwa mafundo yake mwenyewe, na yalikuwa mazuri mno. Vidole vyangu vilianza kubadilika rangi.

Hapo akafanya jambo nisilolitegemea. Aliokota panga barabarani, akaikanyaga kamba ya marehemu juu ya bati, akaikata. Alikata mara mbili, kwa nguvu, bila kufikiri. Mkono wangu ukawa huru.

"Nisamehe, baba," alisema.

Maneno alimwambia marehemu, lakini mkono wangu ndio aliokuwa ameukumbatia kifuani. Miaka kumi na minne ya ndoa sijawahi kuambiwa napendwa kwa sauti kubwa hivyo. Nililia kidogo. Nilisingizia mkono.

*

Mkabala na mashine ya kusaga kuna karakana ya fundi wa kuchomelea. Ni mwanamke, na watu wote wanamwita Mama Cheche. Anatengeneza milango, madirisha, na matela. Alikuwa ameona mambo yote kutoka mlangoni. Alikuja na miwani yake ya kazi juu ya paji la uso.

"Poleni sana. Shoga, kunja vidole nione. Sasa kunjua. Vyema, hakijavunjika kitu." Kisha akamgeukia Fundo. "Shemeji, wewe usigeuke. Kaa hivyohivyo, uso kwangu."

"Kwa nini?"

"Suruali yako haina nyuma."

Alimpa koti refu la kazini. Tukasukuma trekta mpaka kwenye ua wa karakana, tukaokota vifaa vyote barabarani. Mwenye duka wa kona hakupata kitu siku hiyo. Mama Cheche alituwekea chai, akaweka vikombe juu ya meza ya chuma.

"Shemeji, naomba nikuulize. Kati ya vitu vyako hivi, kipi kikali kuliko vyote?"

"Chenso."

"Na chenso imevaa nini?"

Fundo alikoroga chai yake.

"Panga la jikoni lina ala yake. Sindano ya kushonea ina kikasha chake. Lakini msumeno wenye meno zaidi ya thelathini unatembea uchi barabarani, nyuma ya kiuno chako. Meno hayo yakigonga chuma, yanakufa. Yakigonga mtu, anakufa mtu."

"Lakini huwa naizima," alisema Fundo.

"Umefanya vizuri. Ndiyo maana tunakunywa chai, hatuko hospitali. Lakini kuizima ni jambo la kwanza. La pili, breki ya mnyororo iwekwe, ile iliyo mbele ya mpini. La tatu, ulimi uvae kifuniko. Hapo ndipo unaweza kuibeba."

Fundo aliitazama chenso kama ndiyo kwanza wanatambulishwa.

"Sasa nifanyie jambo moja," Mama Cheche aliendelea. "Chukua mabaki ya kamba yako, funga vifaa vyote tena, kama kawaida yako. Ukimaliza, nitakwambia."

Fundo alifunga. Hata kwa kamba iliyokatwa, alikuwa bingwa. Alipomaliza, Mama Cheche alianguka chini pale pale, miguu juu, akashika goti.

"Nimejikata," alisema kwa utulivu. "Nipe bendeji."

Fundo akakimbilia trekta. Alifungua ngazi. Alifungua shoka. Alifungua dumu, akakumbuka kwamba kabla ya dumu kuna chenso, akarudi kwenye chenso. Mama Cheche alijiinua, akamaliza chai yake, akajimiminia nyingine, akalala tena. Wateja wawili waliokuja kuulizia mlango walisimama kutazama. Fundo alipofika na sanduku, jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni.

"Asante," alisema Mama Cheche. "Lakini mimi nilishazikwa. Wageni wameshakula na kuondoka."

Nilicheka mpaka mkono ukauma. Fundo hakucheka. Alikaa juu ya kipande cha chuma.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza. Alikuwa hajawahi kuuliza swali hilo mbele yangu.

"Kila kifaa kipate kiti chake," Mama Cheche alimjibu. "Na kila kiti kiwe na mkanda wake. Kimoja kikitoka, vingine visijue."

Fundo aliruka. "Utatoboa trekta langu?"

"Tatizo lako unalipenda kwa macho tu. Njoo." Alimpeleka nyuma ya kiti, akagonga kile chuma kilichosimama. "Hiki unajua ni cha nini?"

"Cha kufungia kamba."

Mama Cheche alifumba macho kidogo. "Hii ni kinga yako. Trekta likipinduka, hiki ndicho kinachozuia lisikulalie. Hakitobolewi wala hakichomelewi, maana ukikigusa kwa moto unakidhoofisha. Mimi nitatengeneza vibano. Vinakumbatia chuma kwa nje, ndani naweka mpira, kisha vinakazwa kwa bolti. Ukitaka kuvitoa kesho, trekta lako halina hata alama."

Fundo alipumua. Hapo ndipo mkataba ulipofungwa, na sisi tuliulipa kwa mzigo wa kuni.

*

Kazi ilichukua siku mbili. Sikulala vizuri siku hizo, nikiwaza bati lililokunjwa. Lakini mchana nilikuwa karakana, nikishika hiki na kile kwa mkono mzima.

Mama Cheche alikata mabomba mafupi, akayapanga wima upande wa kushoto. Mashoka na panga yaliingia humo, makali yakiwa yamefunikwa, kila moja na mkanda wake wenye kifungo cha chuma. Upande wa kulia alitengeneza ala ya mbao ndani ya fremu ya chuma. Ulimi wa chenso uliingia humo wote, na mkanda mmoja ukapita juu ya mpini. Fundo aliivuta. Haikutikisika.

"Kabari ziende juu hapa?" aliuliza. Alikuwa ameanza kunogewa.

"Chuma kizito hakikai juu. Ukikiweka juu, trekta linakuwa kama mtu aliyebeba maji kichwani akiwa amelewa. Kabari ziko chini, katikati, kwenye boksi. Na usijaze sana nyuma. Nyuma pakizidi uzito, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na usukani hautakusikiliza."

"Petroli je? Naona hapa pana nafasi nzuri."

"Hapo ni karibu na bomba la moshi. Unataka kupika nini?"

Petroli ikawekwa mbali na joto, dumu limesimama wima ndani ya fremu yake, kifuniko kikiwa na mpira mpya. Chakula kikawekwa upande mwingine kabisa. Sanduku la huduma ya kwanza likafungwa karibu na kiti, mahali ambapo mkono unafika bila kufungua kitu. Kisha Mama Cheche akamkalisha Fundo kwenye kiti na kumwuliza maswali. Unaona nyuma? Unaona magurudumu? Mguu unapata pa kukanyagia ukipanda na kushuka? Kuna kamba au mkanda wowote unaoning'inia karibu na gurudumu au shafti, ule mhimili unaozunguka? Palipokuwa na "hapana" pasipotakiwa, alirekebisha.

Nilikuwa nimesubiri sana, nikauliza langu.

"Na mimi nakaa wapi?"

Mama Cheche alihesabu viti vya trekta kwa kidole. Alipata kimoja.

"Wewe si mzigo, shoga. Madigadi si kiti. Ungepitiwa na tairi juzi, na mimi ningekuwa shahidi. Huna baiskeli?"

Baiskeli ninayo. Tangu siku hiyo naenda kwa baiskeli. Nafika kabla ya trekta, nakunywa maji, napumzika, kisha namkaribisha mume wangu kazini.

Mwishowe Mama Cheche alimwambia Fundo alizungushe trekta uani, alipandishe juu ya gogo mara tatu. Aliporudi, akampa spana.

"Kaza bolti."

"Si umezikaza?"

"Zimetikiswa. Bolti mpya hukaa vizuri baada ya kutikiswa kidogo. Kaza sasa, kaza tena mkifika, halafu uwe unaziangalia kila asubuhi. Usifikiri chuma hakichoki."

Fundo alikaza. Kisha akaenda pembeni, akaviokota vipande viwili vya kamba ya marehemu, akavitazama.

"Kamba hukatikia pembamba," nilimwambia polepole. "Hii ilikatika ikiwa nzima, kwa sababu yangu."

"Angeikata hata yeye," alisema Fundo. "Alikupenda kuliko alivyonipenda mimi." Alikizungusha kipande kirefu vizuri, akakiweka kwenye boksi. Kifupi alimwachia Mama Cheche, naye akafungia mbwa wake.

*

Asubuhi iliyofuata tulipakia vifaa. Nilianza kuchemsha maji ya chai, na kabla hayajachemka Fundo alikuwa amemaliza. Alisimama pale bila la kufanya, akaifuta boneti mara ya pili.

Pale kona, mwenye duka alitoka nje kama kawaida. Trekta lilipita kwenye mashimo yake yote. Hakikuanguka kitu. Alitutazama tukiishia, akarudi ndani taratibu.

Kwa Mama, mawingu yalikuwa yamekaa chini. Fundo alifungua mkanda mmoja, akachukua chenso. Meno yalikuwa makali kama alivyoyaacha nyumbani. Alimwomba Mama atoke ndani, na safari hii Mama akatoka, yeye na kuku. Tulifunga kamba juu kwenye mti, ile kamba, kipande kirefu. Majirani sita wakaivuta kutoka mbali, upande wa bustani. Fundo akachonga mdomo upande huo, yaani pengo la kuuelekeza mti uangukie wapi, kisha akakata kutoka nyuma. Akataka kabari, nikampa kabari. Akataka shoka, nikampa shoka. Sikufungua fundo hata moja.

Mti ulilia, ukazunguka kidogo, ukaanguka bustanini. Ulianguka urefu wote mbali na nyumba. 

Tuliinama kuliangalia shina. Ndani hapakuwa na mti. Palikuwa na uwazi mweusi na unga uliooza, na pembeni ganda jembamba. Mama alisogea, akaingiza mkono mpaka begani, akautoa. Alilitazama paa lake. Kisha alimtazama Fundo kwa muda mrefu.

"Mkwe wangu," alisema, "ingia ule."

Hakusema zaidi. Lakini alimpa Fundo kiti chenye mto, kile ambacho hata mimi sijawahi kukikalia.

Mvua ilikuja baada ya siku nne. Ilikuja na upepo wa kung'oa vibanda. Kwetu mlango wa banda ulikwenda na fundo lake. Kulipokucha tu, nilichukua baiskeli, Fundo akawasha trekta, tukaenda kwa Mama. Njiani matawi yalikuwa yamelala kila mahali.

Nyumba ilikuwa nzima. Lakini mlango ulikuwa umefungwa, na Mama huamka kabla ya jogoo. Jua lilikuwa limeshapanda. Niligonga. Kimya. Niligonga kwa ngumi, na Fundo akagonga dirisha. 

Mlango ukafunguka. Mama alikuwa amefunga khanga vibaya, na shavu lake lilikuwa na mistari ya mto. Alitutazama kwa hasira.

"Mnagonga kama askari. Kuna msiba gani?"

"Tumekuja kukuangalia, Mama. Ule upepo."

"Upepo gani?" Mama aliuliza.

Tukatazamana, mimi na Fundo. Mama alikuwa amesema mti haumtishi. Alisema bati lilikuwa bovu tangu zamani. Sasa nilijua kwamba tangu mti upasuke alikuwa analala macho wazi kila upepo ulipovuma, na jana ndiyo mara ya kwanza hakuusikia. Nilikwenda jikoni haraka kuwasha moto wa chai. Sikutaka anione nikifuta macho.

"Na nyie," nilimsikia akimwambia Fundo, "siku nyingine msije mapema hivi."